Vipimo vya maji ya tangi la samaki vinanipa majibu tofauti kila siku, nishike lipi?

mama_ipagala

Habari za jioni wapendwa. Naombeni msaada kwa mnaofuga samaki wa mapambo, hasa mlio huku Dodoma maana maji yetu mnayajua. Nina tangi la kioo la lita 90 hivi sebuleni, samaki wa dhahabu wanne, filta ya sponji na pampu ya hewa, lina miezi mitatu sasa. Wiki mbili zilizopita mmoja akaanza kukaa juu juu anavuta hewa, mapezi ameyabana, ndo shemeji yangu akanitumia kwa basi kutoka Dar boksi la vipimo vya matone, yale ya vichupa vidogo na tyubu za glasi, pamoja na kichupa cha stripu za kuchovya.

Sasa majibu ndo yananichanganya. Jumamosi naitreti (ile inayotokana na uchafu wa samaki) ilikuwa sifuri, njano safi kabisa. Jumapili nikarudia ikaja nyekundu, kwenye kadi ya rangi ni 40. Jumanne 5. Na hapo katikati sijabadilisha maji wala sijaongeza samaki. Amonia yenyewe kila siku ni 0.25, hata siku niliyotoa nusu ya maji bado 0.25 ileile. pH (kipimo cha uasidi wa maji) matone yanasema 7.6, stripu zinasema 8.4, na kijana wa jirani alikuja na mita yake ya kalamu ikasoma 8.1.

Maji ninayotumia ni ya kisima cha jirani, bomba likikatika ndo tunachota huko tunajaza simtanki. Shemeji anasema nitie dawa ya kushusha pH. Mi naogopa kutia dawa kwa namba nisiyoiamini. Kipimo kipi niamini na nakosea wapi?

babu_wa_samaki_AreaD

Mwanangu pole na hongera kwa kuogopa, maana samaki wengi wanauliwa na dawa zilizotiwa kwa namba ya uongo. Mimi nafuga huu mwaka wa 14, ngoja nikuulize kitu kimoja tu kwanza. Kile kichupa cha pili cha naitreti huwa unakitikisa kwa muda gani kabla ya kudondosha?

mama_ipagala

Shikamoo mzee. Natikisa kidogo tu, kama mara mbili tatu hivi halafu nadondosha. Jumapili ndo alinisaidia mwanangu wa kiume, yeye alikitikisa sana hadi nikamwambia utamwaga.

babu_wa_samaki_AreaD

Marahaba. Basi majibu yako yote matatu yapo hapo. Ndani ya kile kichupa kuna unga laini unaozama chini na kugandamana, hasa kikikaa wima siku nyingi. Usipoutikisa ukachanganyika unadondosha maji tu, kazi yote imebaki chini ya kichupa, utapata njano na utafurahi kwamba tangi safi kumbe tangi limejaa. Jumapili mwanao alikitikisa vizuri ndo ukweli ukatoka.

Kipige kichupa kwenye kiganja ukisikie kimelegea ndani, kisha ukitikise kwa nguvu nusu dakika nzima kwa saa ya simu, usikadirie kichwani maana sekunde kumi mkononi zinaonekana kama dakika. Ukishaweka matone funga tyubu na yenyewe uitikise dakika nzima, mkono utauma, ndivyo ilivyo. Halafu iache dakika tano ndo usome, usisome ya tatu wala ya kumi na tano maana rangi inaendelea kutembea. Kichupa ukiwa unadondosha kisimame wima, mdomo chini kabisa, ukikiinamisha upande matone yanatoka madogo makubwa na hayo kumi yanakuwa si kumi tena.

Na mwanangu lita 90 kwa dhahabu wanne ni padogo. Wale wanakula sana na wanachafua sana.

kijana_nkuhungu

Dada usijisumbue na hizo rangi rangi, nunua mita ya kidijitali unachovya unapata namba basi, mi nimetumia mwaka mzima sina shida. Na kwa pH ya 8 huku Dodoma weka tu dawa ya kushusha, dhahabu wanataka 7.

fundi_maabara

Habari wote. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, kazi yangu kila siku ni kupima, na nyumbani nina tangi mbili. Naomba nimjibu ndugu yangu wa Nkuhungu kwa heshima. Mita ya kalamu ni nzuri lakini nayo inadanganya kama hujaisetia. Ile inakuja na vipakiti vya unga, unayeyusha kwenye maji yaliyokenekwa (yaliyogeuzwa mvuke yakapozwa, hayana madini) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kipakiti, unachovya unairekebisha isome ile namba, kisha unaisuuza na kwenda kwenye unga wa pili. Kama kwa mwaka mzima hujawahi kufanya hivyo basi hujui inasoma nini. Na ncha yake ikikauka inakuwa mvivu, unachovya inachukua dakika tatu kutulia. Halafu mita ya pH inapima pH tu, naitreti na amonia haikuonyeshi, na ile nyingine ya TDS inahesabu chumvi zote kwa pamoja, haijui ipi ni sumu na ipi ni chokaa.

Sasa dada, kuhusu pH zako tatu. Hakuna aliyedanganya sana hapo. Angalia kadi yako ya pH ya kawaida, rangi ya mwisho juu ni ngapi? Nadhani ni 7.6. Hicho kipimo kimefika ukingoni, maji yawe 7.6 au 8.5 chenyewe kitatoa bluu ileile. Ndani ya boksi hilohilo tafuta kichupa kimeandikwa pH ya juu, hicho kinaanzia 7.4 kwenda 8.8. Pima na hicho. Nakuhakikishia utakaribiana na mita ya jirani.

Na tafadhali usitie dawa ya kushusha. Maji ya huku yana KH kubwa (ugumu wa kaboneti), ile ndo inayoshikilia pH, ukitia dawa inashuka leo kesho asubuhi imerudi, samaki anapanda na kushuka naye. Dhahabu anaishi vizuri kabisa kwenye 8 iliyotulia, kinachomuumiza ni hiyo panda shuka.

Ila pH ya juu ina jambo moja la kuangalia kwa macho mawili, nalo ni amonia. Ile namba unayosoma kwenye kadi ni amonia ya aina mbili kwa pamoja, moja haina madhara sana na nyingine ndo inayounguza matamvua. Kwa maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7 ile mbaya ni kama nusu ya asilimia moja tu, pH ikiwa 8 inafika kama asilimia 5, mara kumi. Kwa hiyo 0.25 yako siwezi kuiita ndogo mpaka tujue ni ya kweli.

Kujua kama ni ya kweli hatubishani, tunapima maji ambayo tunajua hayana kitu. Tafuta maji yaliyokenekwa, wanauza maduka ya vipuri kama maji ya kuongezea betri, ILA soma lebo uhakikishe si asidi ya betri, hiyo inaunguza, na usipime maji ya chupa ya kunywa ukidhani ni sifuri maana yana madini na mengine yana naitreti. Weka maji yaliyokenekwa tyubu moja, ya tangi tyubu ya pili, matone sawa, dakika sawa, kisha zisimamishe pamoja mbele ya sehemu nyeupe ya kadi. Zikifanana basi 0.25 yako ni macho na taa. Ya tangi ikiwa kijani zaidi, amonia ipo.

mama_ipagala

Asanteni sana kaka, nimeelewa. Ni kweli kadi inaishia 7.6, na kichupa cha pH ya juu kipo sikuwahi kukifungua. Swali, mi huwa napima usiku watoto wakishalala, taa ya sebuleni ni ile ya mwanga wa njano, ina shida? Na tyubu nazisafisha kwa sabuni ya vyombo.

babu_wa_samaki_AreaD

Ina shida kubwa mwanangu. Njano na kijani cha amonia vinatofautiana kidogo sana, chini ya taa ya njano hata mimi siwezi kuvitenganisha. Pima mchana, toka barazani ukae kivulini, jua lisipige tyubu moja kwa moja. Mwite na mtu mwingine asome bila kumwambia wewe umeona ngapi.

Sabuni acha. Suuza na maji ya bomba mara tu ukimaliza, kabla rangi haijakauka kwenye glasi, na kabla ya kupima suuza mara tatu kwa maji yaleyale unayotaka kuyapima. Usizibe tyubu kwa kidole, tumia kifuniko chake, na kifuniko nacho kisuuze. Mikono ina mengi, nilikuwa napima nikitoka kuwarushia kuku chakula na nikawa napata amonia ambayo mwenzangu kwa maji yaleyale hapati. Sasa nanawa kwanza, nasuuza sana.

mama_ipagala

Mzee na mimi nina kuku, banda lipo nyuma na huwa natoka bandani ndo napima. Asante.

mnyiramba_wa_singida

Naongezea kidogo. Huku Singida nako maji ya visima ni magumu, birika ndani limeota chokaa. Ukichota maji kisimani ukapima pH palepale unapata ndogo, kwangu ilikuwa 7.1, nikafikiri kipimo kibovu maana tangi lina 8.1. Kumbe maji yanatoka ardhini na kabonidioksaidi nyingi, ukiyaacha kwenye ndoo wazi mpaka kesho yake gesi inatoka pH inapanda yenyewe. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha maji ya kisima na ya tangi, ya kisima yaache kwanza siku moja.

Tena pima saa ileile kila siku. Kama tangi lako lina majani au limeota ukijani, asubuhi pH inakuwa chini na jioni juu. Mimi napima saa tatu asubuhi kabla ya kulisha, na nachota katikati ya tangi, si juu kwenye utando wala chini kwenye uchafu. Kuchota natumia bomba la sindano la mililita 5 jipya la duka la dawa, naondoa sindano, linanipa 5 kamili kuliko kukodolea macho ule mstari wa tyubu. Kama unatumia mstari basi inama jicho liwe usawa wa maji, usome pale maji yalipobonyea katikati, si pale yalipopanda kwenye kuta za glasi.

Stripu zako ukiwa umefungua kichupa kwa mikono imelowa hata mara moja ujue zimeshaanza kuharibika. Mimi nazitumia kuangalia haraka haraka tu.

kijana_nkuhungu

Nimewasoma. Kwa kweli mita yangu sijawahi kuisetia tangu ninunue, vile vipakiti nilivitupa na boksi. Nitatafuta vingine. Dada samahani kwa ushauri wa dawa.

mama_ipagala

Usijali mdogo wangu, tunajifunza wote.

(baada ya siku tatu)

Wapendwa nimerudi na majibu. Nimefanya kama mlivyosema, nimenawa, nimekaa barazani saa tatu asubuhi, saa ya simu mbele yangu, mwanangu akawa anahesabu matone kwa sauti na mimi nahesabu kimoyomoyo.

pH kwa kichupa cha juu ni 8.2. Nimepima asubuhi mbili zote 8.2.

Amonia, maji yaliyokenekwa njano safi kama mafuta ya kupikia. Ya tangi ina ukijani kwa mbali, ukiiangalia peke yake unaweza kusema ni njano ila zikisimama pamoja tofauti unaiona wazi. Mwanangu nilimwita akiwa hajaona kadi akasema ya tangi ni 0.25. Kwa hiyo ipo kweli, si taa.

Naitreti, nimetikisa hadi bega limechoka. Imekuja nyekundu iliyokolea, mara naona 40 mara 80, hizo rangi mbili kwenye kadi zinafanana mno. Naitraiti (si naitreti, ni ile nyingine yenye jina la kufanana) ni sifuri. Lakini kilichonishtua ni kingine, nilipima na maji ya kisima yenyewe, yale ya kwenye simtanki ambayo samaki hawajayagusa, nayo yakaja nyekundu.

fundi_maabara

Umefanya kazi nzuri sana dada, wengi hawapimi maji wanayotilia.

Kwanza ni vizuri umepima naitraiti, maana vipimo vingi vya naitreti vinaigeuza kwanza kuwa naitraiti ndo rangi itoke, hivyo naitraiti ikiwepo kwenye tangi inaongeza uwekundu ule. Yako ni sifuri, basi wekundu wote ni wa naitreti.

Rangi ikikolea hivyo usikisie, yapunguze maji. Chukua mililita 1 ya tangi kwa bomba la sindano, ongeza mililita 4 za maji yaliyokenekwa, changanya, pima kama kawaida, jibu zidisha kwa 5. Fanya hivyo kwa ya tangi na ya kisima. Hii inakupa na kitu kingine, inakuambia kama kipimo chako ni kizima, maana maji ukiyapunguza mara tano na rangi ikabaki palepale basi kipimo kimekufa au tarehe yake imepita. Angalia tarehe kwenye kila kichupa, si kwenye boksi.

Amonia nayo nadhani nimeelewa kwa nini haishuki ukitoa nusu ya maji. Kadi inaruka kutoka 0 kwenda 0.25 kwenda 0.5, ukishusha ikawa 0.12 hakuna rangi yake, jicho linairudisha kwenye 0.25. Je ile sponji ya filta unaiosha vipi?

mama_ipagala

Naiosha na maji ya bomba na sabuni kidogo kila Jumapili, iwe safi.

babu_wa_samaki_AreaD

Mwanangu amonia yako imetoka hapo. Kwenye ile sponji ndo wanaishi vijidudu wanaokula amonia, kila Jumapili unawaua wanaanza upya. Osha kwa kuikamua kwenye ndoo yenye maji uliyotoa kwenye tangi, basi, ibaki na rangi ya udongo usijali. Na punguza chakula, mara moja kwa siku kwa wiki hizi mbili.

mama_ipagala

Sawa mzee, nimeacha sabuni kuanzia leo.

Nimepima kwa kupunguza. Ya tangi imesoma karibu 20, mara tano ni 100. Ya kisima imesoma kati ya 10 na 20, nikichukua 10 tu ni 50. Nimerudia mara mbili. Sasa naomba niulize kitu kisicho cha samaki. Wifi yangu yupo kwangu na mtoto wa miezi minne, maziwa yamemkauka anampa ya kopo, na anayachanganya kwa maji hayohayo ya kisima, tunayachemsha vizuri. Hiyo 50 ina maana gani kwa mtoto?

fundi_maabara

Dada, kuanzia leo mtoto asipewe maji hayo. Badilisha kwanza, maswali baadaye.

Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho wa naitreti kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, na sababu yenyewe ni watoto wachanga wa chupa, ikizidi inaweza kuzuia damu yao isibebe oksijeni vizuri, mtoto anaanza kuwa na rangi ya bluu midomoni na kwenye kucha. Ukiona dalili hiyo ni hospitali mara moja, si kusubiri asubuhi. Na kuchemsha hakutoi naitreti, maji yanapungua kwa mvuke na yenyewe inabaki, inazidi kukolea. Tumieni maji mengine ambayo mna uhakika nayo na bado myachemshe kwa ajili ya vijidudu.

Sasa sikuambii kisima ni kibovu kwa kipimo cha samaki, hicho ni cha kukuamsha tu, kimepima kwa macho. Peleka sampuli maabara. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, au waulize DUWASA (mamlaka ya maji ya Dodoma) wakuelekeze. Majibu yakija angalia wameandika naitreti au naitrojeni ya naitreti, maana maabara nyingine zinaandika ile ya pili na namba inaonekana ndogo, hiyo unazidisha kwa 4.4 ndo ulinganishe na 50. Pia muulize jirani umbali wa choo chake na kisima, mara nyingi naitreti ya kwenye makazi inatoka kwenye mashimo ya choo na mabanda ya mifugo.

mnyiramba_wa_singida

Dada mtoto anaendeleaje?

mama_ipagala

Anaendelea vizuri, hana bluu popote, nimemwangalia kucha zote na leo asubuhi wifi kampeleka kituo cha afya wakamwangalia. Tumenunua maji mengine kwa ajili yake. Jirani nimeongea naye, choo chao kipo kama hatua kumi na tano kutoka kisimani, naye ana mjukuu mdogo, ameshtuka kuliko mimi. Tumekubaliana kwenda maabara pamoja Jumatatu. Sampuli tunabeba vipi isiharibike njiani?

fundi_maabara

Waulize kwanza, wengine wanatoa chupa zao. Kama hawana tumia chupa ya maji ya kunywa iliyo safi, isiwe ya soda wala ya mafuta. Chota kisimani kwenyewe, si kwenye simtanki, acheni maji yatoke dakika chache kwanza. Suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo, jaza hadi juu, funga. Andika kwa kalamu ya wino mahali, tarehe na saa. Iweke kwenye kiboksi chenye barafu au angalau kitambaa kibichi mbali na jua, na ifike asubuhi hiyohiyo.

Na beba chupa ya pili ya maji ya simtanki, wapime zote mbili.